Jicho la Kikaragosi

Watu wengi wanaolitumia neno kikaragosi hawajui kwamba ndani yake mna jicho. Neno hilo limetoka mbali. Waturuki walikuwa na mchezo wa vivuli uliopendwa sana katika enzi za Dola ya Osmania, hasa nyakati za usiku katika mwezi wa Ramadhani. Sanamu bapa za ngozi ya ngamia zilichezeshwa nyuma ya pazia lililomulikwa kwa taa, na mhusika mkuu, mtu wa mtaani mwenye mdomo mkali na njaa isiyokwisha, aliitwa Karagöz. Kwa Kituruki kara ni nyeusi na göz ni jicho. Basi bwana huyo ni Jicho Jeusi. Waarabu wakamchukua wakamwita karakuzi, Wagiriki wakamwita Karagiozis, na sisi tukampa kiambishi chetu cha ki- na kumfanya kitu kidogo cha kuchezea. Siku hizi tunalitumia jina lake hata kumtukana mwanasiasa anayechezeshwa na wenzake.

Nimelianza jambo hili kwa lugha kwa sababu hapa Izia, mjini Sumbawanga, yupo jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye hutengeneza vikaragosi kwa ajili ya watoto wa chekechea, na macho yao huyatoa jalalani. Kwa kazi hiyo amesemwa mengi. Wapo wanaosema anawachezesha watoto takataka. Wapo wanaosema huo ni utamaduni wa Wazungu alioupata kwenye televisheni. Na wapo wa tatu, ambao husema kwa sauti ya chini. Msomaji akumbuke kwamba jina la mji wetu hufasiriwa kuwa ni amri ya kuutupa uchawi, na Watanzania wa mikoa mingine hawaachi kututania kwa hilo. Katika mji wa namna hiyo, mzee mwenye mfuko wa nguo chakavu uliojaa vichwa vidogo vyenye macho yanayong'aa hana budi kujieleza. Mwaka mmoja mama fulani alimwondoa mtoto wake darasani kwa sababu hiyo. Hao wa tatu siwezi kuwajibu kwa karatasi. Hao wawili wa mwanzo nitajaribu.

Tuanze na sisi wenyewe. Utotoni kwetu, mwanasesere alikuwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa, na ng'ombe alikuwa wa udongo wa mtoni. Macho ya ng'ombe yalikuwa punje za ulezi zilizobonyezwa udongo ungali mbichi, na mwanasesere alipata maharage mawili. Macho hayo yalikuwa na kasoro moja kubwa: yaliota. Ukimwacha ng'ombe wako nje siku ya mvua ulimkuta ana majani usoni. Wengine walitumia zile mbegu nyekundu za mtipitipi zenye doa jeusi, ambazo zimeumbwa kama jicho hasa. Nazo zina sumu kali. Ganda likipasuka na mtoto akaitafuna, anaweza kufa. Nalitaja hili ili asiwepo mtu wa kutuambia kwamba cha asili siku zote ni salama kuliko plastiki.

Tena sanamu za kuchezeshwa hazikuwa ngeni katika nchi hii. Wasukuma, katika mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, walitoa uwanjani sanamu za mbao zenye viungo vinavyocheza ili kuvuta watazamaji upande wao. Wamakonde huchonga kinyago cha mapiko na kukiachia mianya ili mchezaji aliyejificha ndani aone njia. Kwa hiyo hoja ya utamaduni wa Wazungu naiona nyepesi. Lakini ipo sababu nyingine ya kuikataa, nayo imo katika plastiki yenyewe.

Katika karne ya 19 nchi hizi zilijulikana duniani kwa pembe za ndovu. Misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora mingine ilishika njia ya kusini-magharibi kuelekea Itawa na Katanga, nchi za ng'ambo ya ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, si mbali na uwanda wetu wa Ufipa. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda mtemi Nsama wa Itawa na kujitwalia shehena kubwa ya pembe. Watu walizibeba mabegani miezi kwa miezi, na wengi hawakurudi. Kutoka Unguja zilivuka bahari hadi Marekani na Ulaya, zikakatwa kuwa vitufe vya vinanda na mipira ya mchezo wa biliadi. Matajiri wa huko walipenda pembe ya Afrika Mashariki kwa kuwa ni laini na haipasuki ovyo.

Pembe ikawa ghali. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya vifaa vya biliadi ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu cha kushika nafasi yake. Mpiga chapa mmoja aitwaye John Wesley Hyatt akajaribu, na kufikia mwaka 1870 alikuwa amepata seluloidi, kwa kuchanganya pamba iliyotiwa asidi na kafuri. Kwa biliadi haikufaa sana. Ilifaa kwa vitana, vifungo, filamu za sinema, wanasesere, na kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ule mpira mdogo mweupe wa tenisi ya meza. Plastiki hii ya mwanzo ilizaliwa, basi, kwa sababu ya uhaba wa kitu kilichobebwa kwa mabega ya watu wa bara letu.

Siku zile, wakati Wajerumani walipokuwa na boma lao Kasanga, mahali walipopaita Bismarckburg, kwao huko, katika kijiji cha Lauscha, mafundi walikuwa wakipuliza macho ya kioo kwa ajili ya wanasesere. Yalikuwa mazuri mno na ya bei. Plastiki iliyashusha macho yakafika kwa maskini.

Mwaka 1955 kijana wa Kimarekani, Jim Henson, hajatimiza miaka 20, alichukua koti kuukuu la mama yake, akashona kitu kama mjusi au chura, akapasua mpira wa tenisi ya meza katikati, na nusu mbili zikawa macho. Huyo ndiye Kermit, aliyekuja kujulikana duniani kote, na yule wa kwanza yumo katika jumba la makumbusho mjini Washington. Alikuwa kitu cha kuokoteza, kama hivi vya Izia.

Sasa kazi yenyewe. Mwalimu huokota vifuniko vyeupe vya chupa, vifungo, vijiko vya plastiki vilivyovunjika mpini, na vigololi vya dawa ya kwapa, ambavyo ndivyo bora kabisa kwa kuwa ni duara kamili. Mboni huikata kwa wembe kutoka tyubu ya baiskeli. Kwa jicho linalocheza huchukua pakiti ya vidonge iliyokwisha, akakata kifuko kimoja cha plastiki angavu, akatia punje nyeusi ndani na kukiziba nyuma kwa kadi nyeupe na gundi. Ukikitikisa kichwa, mboni inazunguka. Matundu huyatoboa kwa spoku ya moto, isipokuwa kwenye mpira wa tenisi ya meza wa zamani: seluloidi hushika moto kwa ghafla. Tangu mwaka 2014 mashindano ya kimataifa yalianza kutumia mipira ya plastiki nyingine, lakini ya zamani bado imo madroo mengi. Nywele za vikaragosi zilikuwa mifuko ya rambo iliyochanwa. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 ametumia nyuzi za viroba, na mimi naona zinapendeza zaidi.

Siri kubwa, hata hivyo, haimo katika kitu bali mahali pa kukiweka. Mboni zikiwa katikati kabisa ya macho, kikaragosi hutazama mbali kama mtu aliyefiwa. Zikisogezwa kidogo kuelekea pua, ghafla kinamtazama mtu fulani. Nimemwona mwalimu akitumia nusu saa kwa mboni moja, akiibandika na kuibandua, na kisha kurudi hatua tano nyuma.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu kikaragosi kisichotazama hakisikilizwi, na kuna maneno ambayo ni kikaragosi tu kinachoweza kuyasema. Mwaka 1988 huko Afrika Kusini, Gary Friedman alianza kuzungusha vikaragosi mitaani kuwaeleza watu habari za ukimwi. Katikati ya miaka ya 1990 kazi ya namna hiyo ikafanyika Kenya na kikundi cha CHAPS, wakati ambapo neno kondomu lilipotajwa na mtu mzima mbele ya wakwe lilivunja kikao. Likitajwa na kikaragosi, watu walicheka na wakabaki wameketi. Mwaka 2009 Gado, mchora katuni Mtanzania, alianzisha Nairobi kipindi cha XYZ Show, ambamo vikaragosi vya mpira viliwasema wakubwa kwa sura zao wenyewe. Jicho Jeusi wa Waturuki naye alikuwa na kazi hiyo hiyo.

Vya Izia havisemi siasa. Kimoja, chenye macho ya vifuniko vya chupa ya maji, huwauliza watoto nani hakula asubuhi. Mwalimu akiwauliza kwa mdomo wake hakuna anayenyoosha mkono, maana wamefundwa nyumbani wasitoe siri za chungu. Kikiuliza kile, mikono minne, mitano inainuka, na uji unapikwa kwa hesabu hiyo. Yule mama aliyemwondoa mwanawe alimrudisha muhula uliofuata. Mtoto alikuwa akikidai kikaragosi kwa jina.