Boti ya kwanza kati ya Goma na Bukavu: mambo ya kujua wewe na rafiki yako

Likizo zikikaribia, swali moja linarudi kila mara: "Mimi na rafiki yangu tunataka kwenda Bukavu kwa boti, lakini hatujapanda hata siku moja. Tuanze wapi?" Wanaouliza wengi ni vijana wa Goma, Sake, Masisi, Walungu na Kabare ambao wamelitazama ziwa tangu utoto, lakini kutoka ng'ambo. Hawajui kuogelea, na wengine wanaficha woga wao. Tumekusanya hapa yale ambayo mtu anapaswa kujua mbele ya kulipa tiketi.

Ziwa lenyewe

Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1.460 kutoka usawa wa bahari. Upana wake wote ni kama kilometa za mraba 2.700, zaidi ya nusu kwetu Kongo na sehemu ingine Rwanda. Ni refu kwenda chini pia: kuna mahali panapozidi mita 470. Kutoka Goma, upande wa kaskazini, hadi Bukavu, upande wa kusini, boti inapita karibu na Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili. Maji yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, yanashuka mpaka ziwa Tanganyika.

Watu wanauliza juu ya mamba. Ziwa Kivu halina mamba. Wanauliza pia juu ya gesi. Ni kweli, chini kabisa mwa ziwa kuna gesi ya metani na ya kaboni nyingi sana, lakini imeyeyuka ndani ya maji na inashikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Boti inayopita juu haiiamushi. Hatari ya msafiri haiko huko chini. Hatari iko juu: upepo, mawimbi, na zaidi ya yote boti iliyojazwa kupita kiasi.

Aina za boti

Kwa safari ya Goma na Bukavu kuna aina tatu ambazo watu wanazijua.

Kano rapide ni boti ndogo ya mbio. Inachukua masaa kama mawili na nusu au matatu. Bei yake iko juu, na mizigo inayokubaliwa ni kidogo. Unakaa ndani, hutembei-tembei. Mawimbi yakiwa makali, inaruka-ruka, na anayeshikwa na kichefuchefu atakiona.

Boti kubwa ya mchana inaenda polepole, masaa matano au sita, mara nyingine zaidi. Ina kilasi mbalimbali, unaweza kusimama nje na kutazama. Kwa marafiki wawili wanaosafiri mara ya kwanza, hii ndiyo tunawashauria.

Boti ya usiku inatoka jioni na kufika asubuhi. Inapendwa na wafanyabiashara juu haipotezi siku ya kazi. Lakini usiku hauoni kitu, na shida ikitokea, msaada unachelewa.

Zaidi ya hizo kuna mitumbwi ya moteri na boti za mbao zinazounga masoko: Minova, Kituku, Kalehe, Idjwi na kwingineko. Hizo ndizo zinazobeba watu wengi wa maisha ya kawaida, na ndizo zinazotuletea vilio vingi.

Ratiba inabadilika kufuatana na hali ya usalama na maagizo ya wakubwa. Kwa hiyo pitia bandarini siku moja mbele, uliza mwenyewe. Usitegemee habari ya wiki iliyopita.

Kwa nini boti zinapinduka

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilikuwa inatoka Minova, imebeba watu na mizigo. Ilikuwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuwa ng'ambo waliiona ikiinama upande mmoja, halafu ikazama mbele ya macho yao. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba watu 278 walikuwa ndani na kwamba 78 wamekufa. Hesabu zilizotolewa siku zile hazikulingana. Wakati ule barabara ya Goma na Minova ilikuwa imefungwa na vita, na boti ndiyo ilikuwa njia ya watu na vyakula.

Miaka mitano mbele yake, Aprili 2019, boti ingine ilizama upande wa Kalehe. Rais Félix Tshisekedi alikuja mwenyewe na kuagiza kila msafiri wa ziwa avae jile ya kuokoa maisha. Agizo lipo. Lakini jile iliyofungwa ndani ya gunia chini ya kiti haiokoi mtu.

Boti haizami tu juu ya uzito. Inazama pia kufuatana na mahali uzito umewekwa. Mizigo ikiwa chini, inaituliza. Magunia yakipangwa juu ya paa, boti inakuwa kama mama aliyebeba beseni kubwa kichwani kwenye njia ya utelezi: kitu kidogo tu kinamwangusha. Halafu watu wakisimama wote na kukimbilia upande mmoja, juu wanaona bandari ama wanaogopa wimbi, boti inafuata uzito wao. Ndiyo maana ajali zingine zinatokea karibu na kufika, wakati kila mtu anafikiri safari imekwisha.

Maulizo matano mbele ya kupanda

Hapa ndipo rafiki ana kazi. Mtu mmoja anaona aibu kuuliza. Wawili wanapata nguvu.

Kwanza: jina langu limeandikwa? Kila boti inapaswa kuwa na orodha ya abiria. Toa kadi ya uchaguzi, hakikisha majina yenu yote mawili yako pale. Bila orodha, siku ya ajali familia haijui kama ulikuwa ndani.

Pili: jile zinatosha watu? Usiulize tu, hesabu kwa macho. Shika ile yako, angalia kama mikanda inafunga na kama haijaoza. Mtoto anahitaji jile ya kimo chake.

Tatu: maji yako wapi kwenye ubavu wa boti? Ukiona ukingo umekaribia maji kabisa wakati boti bado imefungwa bandarini, huko katikati mawimbi yataingia ndani.

Nne: mizigo iko wapi? Magunia juu ya paa, pikipiki katikati ya mlango, hiyo ni ishara mbaya.

Tano: hewa ikoje? Kuanzia Juni mpaka Agosti, kiangazi, upepo wa kusini unaamsha mawimbi. Wakati wa mvua, dhoruba na radi zinakuja haraka. Eneo la Kivu ni kati ya maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Wingu jeusi likisimama juu ya ziwa, subirini.

Tiketi mununue kwenye ofisi ya boti yenyewe, si kwa komisionere anayekuvuta mkono. Huyu analipwa kwa kichwa, hachungi kama boti imejaa.

Agano la watu wawili

Mbele ya kutoka nyumbani, mupatane jambo moja: mmoja wetu akisema "hatupandi," hatupandi wote wawili, na hakuna kugombana pale. Maelezo mutapeana kisha.

Mwandishi wa mistari hii alipanda mara ya kwanza na rafiki yake wa tangu shule ya msingi. Tulikuwa tumelipa na tumekaa. Vijana wakaendelea kuingiza watu. Rafiki yangu akahesabu jile, akahesabu watu, akanishika mkono: "Tushuke." Mimi nilikataa kwanza, juu ya feza na juu ya macho ya watu. Mzee mmoja akatuambia, "Mukae tu, Mungu iko." Rafiki yangu akamjibu kwa heshima, "Ndiyo papa, iko. Ndiye aliyenipa macho ya kuona jile hazitoshi." Tukashuka. Hawakuturudishia hata franka moja.

Boti ile ilifika salama. Sisi tulisafiri kesho yake, na waliofika mbele yetu wakatucheka. Tunasimulia hivyo juu ni kweli: mara nyingi boti iliyojaa inafika, na ndiyo inayowafanya watu wazoee. Kushuka hakukupi zawadi siku ile. Unapoteza feza, unachekwa, na huwezi kuonyesha kwamba ulikuwa na haki. Peke yangu nisingeshuka. Nilishuka juu alikuwa mtu ambaye nisingependa kufika bila yeye.

Ndani ya boti

Mukae pamoja, karibu na mahali pa kutokea, na mutazame mlango na dirisha vinavyofunguka namna gani. Jile iwe mwilini, imefungwa, tangu kutoka mpaka kukanyaga chini. Joto litasumbua, uvumilie. Usivae makoti mazito juu yake.

Simu na kadi ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Feza mugawane, nusu kwa kila mtu. Mumpigie mtu mmoja nyumbani, mumwambie jina la boti na saa iliyotoka, halafu mumpigie tena mukifika.

Kwa kichefuchefu, kula kidogo asubuhi, usipande na njaa wala na tumbo lililojaa. Kaa katikati ya boti, tazama milima ya mbali, usitazame simu.

Halafu mufurahi, juu safari hii ni nzuri. Ukitoka Goma, Nyiragongo inabaki nyuma yako na mita zake zaidi ya 3.400. Upande wa magharibi milima ya Kalehe inakufuata, na hewa ikiwa safi unaona Kahuzi. Idjwi inapita na mashamba yake ya migomba. Utaona mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, ile iliyofungwa mitatu pamoja. Usiku wanawasha taa kuita samaki. Sambaza hao si wenyeji wa ziwa hili: walitolewa Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo hakuna sahani ya Bukavu isiyowajua. Mwishoni rasi za Bukavu zinaonekana, zimeingia ziwani kama vidole vya mkono.

Pale ndipo watu wanaanza kusimama. Nyinyi mubaki mumekaa mpaka kamba ifungwe.

Boti ikianza kuinama

Musikimbilie upande mmoja. Mukae chini, musikilize kapiteni. Ikiwa ni lazima kuingia majini, muende mbali kidogo na boti, juu watu na mizigo vinaweza kuwaangukia. Jile itakuweka juu hata kama hujui kuogelea. Usipigane na maji, lala kwa mgongo. Shikeni kidumu kitupu ama ubao. Mushikane mikono ama mikanda ya jile, lakini kamwe usimshike mwenzako shingoni: mtu mwenye woga anazamisha na anayempenda.

Mukitenganishwa na mukatolewa majini na mitumbwi tofauti, kila mtu aende kujiandikisha kwa watumishi wa bandari na aseme jina la mwenzake. Kwa njia hiyo munatafutana kwa orodha, si kwa kulia tu.

Tukumbushe la mwisho kwa wazazi wanaosoma: mtoto akipiga simu kutoka bandarini na kusema wameshuka ndani ya boti, wamepoteza feza za tiketi, musimkaripie. Mumtumie ingine.