Spea za Chini ya Gari: Hapa Bana Doo, Hapa Usijaribu

Ndai nyingi tunazoendesha Kenya zilishazunguka Japani miaka kadhaa kabla hazijashuka bandarini Mombasa. Halafu zinakutana na barabara zetu. Matuta yasiyo na rangi, mashimo ya baada ya mvua, na ile rafu rodi ya kuingia kwa ploti. Kwa hivyo siku moja gari itaanza kukuimbia: kong, kong, kong. Fundi atalala chini yake dakika mbili, atoke akijipangusa mikono na kukuambia, "Mkubwa, chini kumeisha."

Hapo ndipo mchezo unaanza. Duka la kwanza linakupa bei ya kukufanya uuze simu. La pili, hatua kumi mbele, linakupa spea ya gari hiyo hiyo kwa robo ya hiyo bei. Ni gani ya ukweli? Wazee husema rahisi ni ghali, lakini chini ya gari hiyo si kweli kila wakati. Kuna spea za bei nafuu zitakazokuhudumia poa, na kuna zile zinaweza kukuangusha Outering Road saa mbili usiku. Kazi yako ni kujua ni gani ni gani.

KWANZA, JUA NINI KIMEKUFA

Usinunue chochote kabla hujajua ugonjwa. "Shoki zimeisha" ndilo jibu rahisi kwa fundi, na mara nyingi si shoki. Majina unayohitaji ni haya.

Springi ndiyo inabeba uzito wa gari. Shoki, ama shokamzoba, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya tuta. Mkono wa chini ndio unashika gurudumu kwa bodi, na una bushi za raba za kumeza mitikisiko. Boljointi ni kile kifundo kinachounganisha huo mkono na gurudumu. Tairodi inaleta amri ya usukani kwa gurudumu. Linki ni kile chuma chembamba kinachoshika stabilaiza, ili gari isilale sana kwa kona.

Sasa sikiliza gari. Kelele nyepesi ya kugongagonga kwa vishimo vidogo, mara nyingi ni linki. Oili imemwagika kwa mwili wa shoki na gari inaendelea kudunda baada ya tuta? Hiyo ni shoki. Ukishika breki gari inavuta upande, ama tairi inaliwa upande mmoja? Angalia bushi za mkono na alainimenti.

Kuna kipimo kimoja ambacho mtu yeyote anaweza kuomba kifanywe akiwa hapo hapo. Gari ipandishwe kwa jeki na kuwekewa stendi ya kuizuia. Shika tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, shida ni boljointi ama beringi. Mtu akanyage breki huku unatikisa: mchezo ukiisha, laumu beringi. Ukibaki, laumu boljointi. Halafu shika kushoto na kulia. Ikicheza hivyo, angalia tairodi. Dakika tano tu, na zinaweza kukuokolea bei ya shoki nne.

AINA ZA SPEA UTAKAZOUZIWA

Ukiingia Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, utasikia lugha tano.

Ya kwanza ni jenuini. Hii iko ndani ya boksi la kampuni ya gari yenyewe, kama Toyota ama Nissan. Ndiyo ghali zaidi.

Ya pili ni ya yule anayeitengenezea kampuni. Toyota haikai ikichonga kila shoki yake. KYB ya Japani, ile wengi huita Kayaba, ni mojawapo ya kampuni zinazoitengenezea. Shoki yao ikiuzwa kwa boksi lao wenyewe, bei hushuka. Si lazima ifanane na ya Toyota kwa kila kitu, lakini anayeichonga anajua anachofanya.

Ya tatu ni ya kampuni ya nje yenye jina. Monroe ya Marekani kwa shoki, 555 ya Japani na CTR ya Korea kwa boljointi na tairodi. Hapa ndipo mtu wa mfuko wa kawaida anafaa kufanya shopping yake.

Ya nne ni boksi jeupe, ama boksi la jina usilolijua, ama kopi ya jina unalolijua. Hizi zimejaa, na majina yanayouza sana ndiyo yanaigwa sana.

Ya tano ni ex-Japan, yaani spea iliyotolewa kwa gari iliyochinjwa. Ni ya kampuni kabisa, lakini umri wake hakuna anayekuambia.

HAPA BANA BILA WOGA

Linki, bushi za stabilaiza, na mipira ya kukinga vumbi kwa shoki. Hizi zikifa zinapiga kelele. Linki ikikatika gari italala zaidi kwa kona na itakuaibisha mbele ya abiria, lakini gurudumu litabaki mahali pake. Nunua ya kampuni ya nje yenye jina, bei ya kati, na uendelee na maisha. Hata ya boksi jeupe haitakuua. Itakurudisha tu kwa fundi mapema.

HAPA BANA KWA AKILI

Shoki, mauntingi, springi na bushi za mkono. Hizi hazifi siku moja. Zinachoka polepole hadi unazoea, na hapo ndipo hatari ilipo. Shoki iliyochoka inaacha tairi iruke kwa lami, na tairi iliyo hewani haishiki breki. Gari itasimama mbali kuliko ulivyopanga, na huyo wa boda aliyekatiza mbele yako hajui una shoki ya bei gani.

Kwa shoki, nenda na jina, si lazima jenuini. Badilisha mbili mbili, kushoto na kulia pamoja, juu mpya ikikaa na iliyochoka gari inatembea kama imevaa viatu tofauti. Shoki ya ex-Japan ni bahati nasibu: sili za ndani ni raba, na raba huzeeka hata ikiwa dukani imekaa tu. Kuna pia mafundi wanaofungua shoki iliyokufa, wanaijaza oili na kuichomelea tena. Hiyo itakufikisha mwisho wa mwezi. Usiihesabu kama shoki.

Kwa bushi, piga hesabu ya kazi, si ya spea. Chukua mfano huu. Tuseme bushi ya mtaani ni soo nne na inakaa miezi 5, ile ya jina ni thao moja na inakaa miezi 20. Fundi anataka thao moja kila akifungua. Kwa miezi 20 ya mtaani itafungwa mara nne: 5,600. Ya jina itafungwa mara moja: 2,000. Na hiyo ni kabla hujalipia alainimenti mara nne. Badilisha hizo bei na zile utakazopewa, lakini hesabu ni ile ile.

Kuna ujanja mmoja halali hapa. Kwa gari ambazo boljointi imefungwa kwa mkono kwa bolti, kama Fielder na Axio za NZE141, unaweza kuchukua mkono wa ex-Japan ambao chuma chake ni kizuri, ukaupigia bushi mpya kwa mashine ya presi na kuufunga na boljointi mpya. Unapata chuma cha kampuni na raba mpya. Ila kagua mkono kama haujapinda wala kuoza kwa kutu. Na ikate kwa presi, si kwa nyundo.

Kuhusu zile spesa za kuinua gari: ukipandisha juu sana, pembe za boljointi na shafti zinabadilika na vyote vinaisha haraka. Ukizifunga, weka za kiasi na uende alainimenti siku hiyo hiyo.

HAPA USIJARIBU

Boljointi, tairodi, na mkono wa chini ambao boljointi yake imejengwa ndani.

Umewahi kuona gari imepiga magoti katikati ya barabara, tairi moja ya mbele imelala nje kama mguu uliovunjika? Mara nyingi hiyo ni boljointi iliyochomoka. Kwa saluni nyingi, huyo ndiye anayeshika gurudumu kwa chini. Akiachilia, gurudumu linajikunja ndani ya mudigadi na usukani unabaki mapambo. Ikitokea ukiparki, utacheka siku moja. Ikitokea ukishuka Mai Mahiu na lori nyuma yako, ni hadithi ingine.

Tairodi ni ndugu yake. Ikichomoka, wewe unapinda kushoto na tairi moja inaenda inakotaka.

Kwa hizi mbili, boksi jeupe hapana. Ex-Japan hapana. Na ile ya fundi kugonga kikombe cha boljointi ya zamani ili "ikaze" hapana kabisa, juu chuma kilicholiwa hakirudi kwa nyundo. Nunua jina, kwa duka linalokupa risiti. Na fundi arudishe pini mpya ya kufungia nati, si waya aliookota chini.

USIUZIWE MBUZI KWA GUNIA

Kama jina ndilo unalipia, hakikisha ndilo unalopewa.

Nenda dukani na namba. Kwa Toyota, tarakimu tano za kwanza za namba ya spea zinasema ni sehemu gani: 43330 ni boljointi ya chini, 48820 ni linki, 45046 ni tairodi, 48510 ni shoki ya mbele kulia. Zinazofuata zinasema ni ya gari gani. Chukua namba ya chasisi yako pia, usiseme tu "Vitz." Kuna Vitz na Vitz.

Fungua boksi. Namba iliyo nje ifanane na iliyogongwa ama kubandikwa kwa spea. Angalia maandishi: herufi zilizokosewa, rangi iliyofifia, stika ya kubandikwa haraka, weka chini.

Shika boljointi mpya uizungushe kwa mkono. Inafaa iwe ngumu kiasi na laini njia yote. Ikilegea kama imetumika, ama ikikwaruza kama ina mchanga, rudisha. Shoki ya gesi isukume hadi chini: inafaa irudi juu yenyewe, polepole, bila kukwama.

Na bei ikiwa ya miujiza, huo si muujiza. Kuuza bidhaa ghushi ni kosa chini ya sheria ya mwaka wa 2008, na Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ipo kupokea malalamiko. Lakini bila risiti utawaambia nini? Omba risiti yenye jina la duka na jina la spea. Meseji ya M-Pesa inaonyesha ulilipa, haionyeshi ulinunua nini.

SPEA NZURI, FUNDI MBAYA

Hii sehemu watu huruka, na ndiyo inamaliza spea nyingi mpya. Simama hapo ukiangalia mambo manne.

Bushi za mkono hazikazwi gari ikiwa hewani kwa jeki. Fundi ashike bolti kiasi, ashushe gari isimame kwa magurudumu, halafu akaze kabisa. Akikazia juu, gari ikishuka raba inabaki imejinyonga muda wote, na baada ya muda mfupi imepasuka. Utalaumu duka bure.

Fimbo ya shoki haishikwi na pulaizi. Mkwaruzo mmoja kwa ile kromu unakula sili, na oili inaanza kutoka.

Springi ya mbele inafunguliwa kwa vifaa vya kuibana, si kwa waya na maombi. Ina nguvu ya kuvunja taya la mtu.

Mwisho, ukibadilisha mkono, tairodi ama shoki za mbele, nenda alainimenti. Ukiruka hiyo, doo uliyookoa kwa spea italiwa na tairi.

KAMA HUNA DOO YA VYOTE

Wengi hatuna. Kwa hivyo usigawanye doo kidogo kwa kila kitu ukanunua takataka nne. Panga foleni. Kwanza boljointi na tairodi, zikiwa zinacheza. Pili shoki. Tatu bushi za mkono. Linki iendelee kuimba hadi mwezi ujao. Kama unaendesha gari ya mtu kwa biashara ya teksi, mwambie mwenyewe hivyo hivyo, kwa meseji ili ibaki, juu siku ya kulala kwa barabara wewe ndiye utakuwa ndani.

Na kabla hujatoa hata bob, uliza swali moja kuhusu spea iliyo mkononi mwako: hii ikikatika nikiwa mwendo wa 80, nitasikia kelele ama nitapoteza gurudumu? Kama ni kelele, bei iongee. Kama ni gurudumu, rudisha hilo boksi jeupe kwa shelfu.