Kutoka Chukudu hadi Fren ya Mafuta

Kabla ya pikipiki, au moto kama tunavyosema hapa Goma, kulikuwa na chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Tangu miaka ya 1970 vijana wameteremka nazo kutoka Kibumba, mbao nzito zilizosheheni viazi, kabichi na makaa, na fren ya kila moja ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga, kinasugua, mwendo unapungua. Kikilika unakata kingine.

Moto tulizoziona utotoni zilikuwa za maparokia, kisha za mashirika yaliyomiminika 1994 wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda. Yamaha AG100 zilikuwemo: injini inayounguza oili pamoja na esanse, fren za viatu mbele na nyuma, ya mbele ikivutwa kwa kebo. Mzee aliyenifundisha kazi ya ufundi mtaani Birere alizipenda kwa sababu hazikuficha ugonjwa. Fren ikilegea, ama kebo imerefuka, ama viatu vimelika. Unakaza nati, mteja anaondoka.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Ilipopoa, watu wakafungua njia juu yake. Gari zilivunja springi, moto zilipita. Kwa maoni yangu huo ndio mwanzo halisi wa motari wa Goma, yaani waendesha moto wa kubeba abiria, na wa sisi mafundi wao.

Maana lava ikisagwa na matairi inakuwa unga mweusi wenye makali. Unajaza filta, injini inakosa hewa, esanse inazidi. Nasi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yenyewe tayari ni nyepesi. Motari anafungua gazi ghafla, moto inakohoa kwanza ndipo iondoke. Kuna waliotupa filta kabisa. Moto ikapumua vizuri, kisha ule unga ukala silinda, na moshi ukaanza kutoka nyuma.

Kisha kuna Kadhafi, muuza esanse wa kando ya njia na chupa zake. Masika, moto ikishtuka-shtuka, siulizi mengi. Nalegeza skrubu ya chini ya kabureta, nakinga glasi. Maji yaliyoingia kwenye esanse ni mazito, yanatulia chini kama shanga, esanse inaelea juu. Nampa motari glasi aishike mwenyewe juani, ili ugomvi aupeleke kwa muuzaji wake, si kwangu.

Baadaye zikaja moto za Kihindi, TVS na wenzake, na baadhi zina diski mbele. Hapo kazi ikabadilika, kwa sababu fren ya mafuta haionyeshi kidonda. Motari anatoka Masisi na abiria wawili na gunia, ameshika fren mteremko mzima hadi Sake. Mafuta ya fren hunyonya unyevu yakikaa. Yakipata joto kali yanachemka, yanazaa mvuke, na mvuke unabonyea. Akivuta mkono wa fren, unaenda laini hadi kwenye usukani.

Dawa ni kumwaga yale ya zamani na kutoa hewa kupitia nipeli ya chini. Inayobaki tunaifukuza usiku: unavuta mkono wa fren, unaufunga na ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, unauacha hadi asubuhi, viputo vipande vyenyewe hadi juu, karibu na kikopo, na ukiuachia vitoke. Aliyeongezea oili ya injini ili aokoe franga mbili tatu hatapona kwa ukanda: oili ile huvimbisha mipira ya pampu, na itabidi yote ibadilishwe.

Akisikia bei, motari mwenye deni la tajiri wa moto huniuliza kama siwezi kumrudishia fren ya kebo. Naweza. Ni kubadilisha gurudumu la mbele pamoja na miguu inayolishika, na kwa mtu wa barabara ya Sake sioni ubaya.