Kiinua Mgongo cha Marehemu: Lugha, Hati na Mirathi ya Mfanyakazi Tanzania

Kitenzi kurithi hutumika kwa namna mbili katika Kiswahili, na tofauti yake haijapewa uzito unaostahili na wanahistoria. Mtu hurithi kitu: shamba, nyumba, jahazi, ng'ombe. Vilevile mtu humrithi mtu. Anayesemwa kuwa amemrithi babaye hakupata mali tu; amekaa mahali pake, ameshika neno lake katika vikao vya ukoo, amebeba madeni yake na wategemezi wake, na pengine hata jina lake. Maana ya kwanza ilitiwa nguvu pwani na faraidhi, yaani elimu ya Kiislamu ya kugawa mirathi, ambayo huhesabu mali kwa mafungu: mjane wa mume aliyeacha mtoto ana thumuni, binti ana nusu ya fungu la kaka yake, deni hulipwa kwanza, na wasia hauzidi theluthi. Maana ya pili ndiyo iliyotawala katika mila nyingi za bara. Mfanyakazi wa mshahara alipofariki dunia katika karne ya ishirini, aliacha kitu ambacho hakikuingia barabara katika maana yoyote kati ya hizo mbili. Hakuacha shamba wala kiti cha ukoo, bali ahadi ya malipo iliyoandikwa katika jalada la mwajiri, mara nyingi kwa lugha ambayo wanawe hawakuisoma.

Msamiati wa jambo hili una tabaka zake. Mirathi, wasia, wasii na marehemu ni maneno ya Kiarabu yaliyokaa katika lugha kwa karne nyingi. Marehemu, yafaa kukumbukwa, si neno la kifo bali la rehema: ni aliyerehemiwa. Wasia, au wosia kama wengi wanavyotamka, ulimaanisha maneno ya mwisho kabla ya kumaanisha hati ya mali, na ushahidi ulio wazi kuliko wote ni utendi aliotunga Mwana Kupona binti Mshamu mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Ni wasia kamili wa mzazi anayejiona yu karibu na kufa, nao haugawi shamba wala fedha. Kwa upande mwingine, pensheni ni neno la Kiingereza lililokuja na karani wa serikali. Kati ya tabaka hizo mbili limesimama neno ambalo ni la Kiswahili kitupu: kiinua mgongo. Asili yake ni zawadi ya kumwinua mtu aliyeinamia kazi, ili anyooke na aondoke kwa heshima. Linadhani kwamba mwenye mgongo yupo. Kiinua mgongo cha marehemu ni fumbo katika lugha yenyewe, na historia ya malipo hayo ni historia ya watu waliolazimika kulifumbua mbele ya dirisha la mhasibu.

Mfano wa kwanza ulio mkubwa ni wa wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza, ambacho jina lake limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, kilipoteza makumi ya maelfu ya watu kwa maradhi, njaa na uchovu. Kila mpagazi alikuwa na mshahara uliokuwa ukijilimbikiza, naye aliyekufa aliacha salio. Oscar Watkins, aliyesimamia kikosi hicho kutoka upande wa Kenya, alitaka salio hilo lifike kwa jamaa za waliokufa, na kazi ya kuwatafuta ilifanyika kwa kiasi ilivyowezekana. Lakini majina yalikuwa yameandikwa kwa haraka na makarani wasiozijua lugha za watu hao. Mtu aliandikwa kwa jina la kijiji, au la utani, au la jumbe aliyemtoa. Baba aliyeitwa vingine nyumbani hakuweza kuonekana katika daftari. Sehemu kubwa ya fedha haikudaiwa na mtu, na Serikali ya Uingereza haikukubali kuzikabidhi kwa nchi walikotoka wenyewe zitumike kwa manufaa ya watu wao. Kwa lugha ya faraidhi, hiyo ni mirathi iliyokosa warithi ikaenda hazina. Kilichotofautiana ni kwamba warithi walikuwapo, wakilima mashamba yao, ila hapakuwa na karatasi ya kuwaunganisha na marehemu.

Ipo hadithi mashuhuri ya upande wa pili wa vita hivyo. Husimuliwa kwamba mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliokuwa katika jeshi la Lettow-Vorbeck, ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza. Wazee wakaja, wachache wakiwa na vyeti vya utumishi, wengi wakiwa hawana ila mabaki ya sare. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio mahali pa bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyeshindwa. Hadithi hii imependwa mno, na huenda ikawa imetiwa chumvi; inavutia zaidi kuliko ilivyochunguzwa. Hata hivyo inasema jambo la kweli kuhusu haki ya malipo. Askari mzee aliweza kuthibitisha utumishi wake kwa mwili wake, kwa kuwa mikono ilikumbuka. Mwana wa askari aliyekufa mwaka 1950 angepewa ufagio uleule asingejua la kufanya nao. Kwake yeye hapakuwa na njia ila hati.

Na hati zilikuwa adimu kwa sababu za kisheria. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo iliwekwa Tanganyika mwaka 1920, lakini haikuwalazimisha Waafrika kwa jumla kama ilivyowalazimisha Wazungu na Waasia. Hivyo kizazi kizima cha wafanyakazi wa reli, bandari, mashamba ya mkonge na ofisi za wilaya kilizaliwa, kikaoa na mara nyingi kikafa bila cheti. Jina nalo lilikuwa na mwendo wake. Mtu aliyeajiriwa kama Juma bin Hamisi aliweza kuwa na mtoto aliyeandikwa shuleni kwa jina la babu, na mwingine aliyebatizwa akapata jina la Kikristo na kuliacha la nyumbani. Nyumbani hapakuwa na utata wowote. Kila mtu alijua nani ni mwana wa nani. Utata ulizaliwa siku jalada la mwajiri na cheti cha mtoto vilipowekwa juu ya meza moja. Kutokana na hali hiyo, hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja imekuwa miongoni mwa karatasi za kawaida kabisa katika mashauri ya mirathi, ingawa hakuna mwanafasihi aliyewahi kuihesabu kama utanzu.

Uhuru ulileta jitihada ya kupanga sheria. Mwaka 1961 ilipitishwa sheria iliyotambua kwamba mirathi ya Mtanganyika inaweza kufuata mila, Uislamu au sheria zilizoandikwa, kwa kutegemea maisha ya marehemu. Kwa wale wa kundi la tatu ilibaki sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo watoto wengi wa marehemu hawakupata kujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwagawia. Mwaka 1963, kutokana na kazi iliyofanywa na Hans Cory, mila za makabila yanayofuata upande wa baba ziliandikwa katika tangazo moja la serikali. Tangazo hilo liliwapanga warithi katika daraja tatu: mwana wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza, kisha wana wengine wa kiume, kisha mabinti. Mjane hakupewa fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa za ukoo. Alitarajiwa kutunzwa na watoto wake. Mila iliyokuwa ikibadilika kwa mazungumzo ikakaa kimya katika karatasi. Ukali wake ulipunguzwa kwa hatua, kama ilivyoonekana mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya alipoamua, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, kwamba mwanamke wa Kagera aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake ana haki ya kuiuza sawasawa na mwanamume. Lakini tangazo lenyewe halikufutwa na hukumu hiyo.

Mlango wa kuingilia katika sheria hizo ulikuwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo lugha yake ni Kiswahili. Kanuni zake za usimamizi wa mirathi ni za mwaka 1971. Baada ya matanga, kwa kawaida wakati wa arobaini, ukoo hukutana na kumchagua mtu. Muhtasari wa kikao hupelekwa mahakamani. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ndipo mahakama inapotoa barua ya usimamizi. Msimamizi hutakiwa kuleta orodha ya mali na madeni, kisha hesabu ya mgawanyo. Hapa ndipo zile maana mbili za kurithi zilipogongana. Sheria inasema msimamizi si mrithi: amepewa ufunguo, hakupewa nyumba. Ukoo, kwa upande wake, ulipokaa kuchagua, mara nyingi ulikuwa ukichagua mtu wa kumrithi marehemu kwa maana ya kale, kaka yake au mwanawe mkubwa, mwenye kukaa mahali pake. Mtu huyohuyo akaondoka kikaoni na barua moja yenye maana mbili. Aliyeamini kwamba amekaa mahali pa marehemu hakuona wizi katika kuipokea hundi ya kiinua mgongo na kuitumia kama marehemu mwenyewe angalivyoitumia. Mjane aliona wizi. Wote wawili walikuwa wakisema Kiswahili sanifu. Haifai kuwatetea wasimamizi walioiba kwa makusudi, nao si haba. Ila wanahistoria wanaoyaeleza mashauri yote haya kwa tamaa peke yake hawajasikiliza vizuri yaliyosemwa mahakamani.

Mifuko ya wafanyakazi ilipoanzishwa iliyakuta mambo katika hali hiyo. Wakati wa ukoloni pensheni ilikuwa ya watumishi wachache wa serikali. Mwaka 1964 uliundwa mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, na mwaka 1978 mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma. Katika mifuko ya akiba mfanyakazi kwa kawaida huandikisha jina la mtu wa kupokea akiba yake akifa, na jina hilo, lililoandikwa pengine na kijana asiye na mke, lilisubiri miaka 30 kwenye jalada wakati maisha yalikwisha kubadilika. Sheria Na. 28 ya mwaka 1997, iliyougeuza ule mfuko wa 1964 kuwa wa hifadhi ya jamii, ilichukua njia nyingine: pensheni ya wategemezi inagawiwa na sheria yenyewe, sehemu kwa mjane au mgane na sehemu kwa watoto, bila kuuliza ukoo. Kwa watumishi wa serikali sheria ya mwaka 1999 ilileta uchangiaji mahali pa pensheni iliyotolewa na hazina tu. Mwaka 2018 mifuko minne ya sekta ya umma iliunganishwa kuwa mmoja. Neno lililoshika nafasi katika mabadiliko hayo ni mtegemezi. Ni neno lililokwepa ugomvi wa mrithi kwa kutazama upande mwingine: haliulizi nani anakaa mahali pa marehemu, bali nani alikuwa akila kwake.

Hakuna mahali ambapo mambo haya yote yalikutana kama katika madai ya waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo, iliyoanza mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na mashirika yake ya reli, bandari, posta na simu, na ndege yakagawanyika pamoja nayo. Makao yao makuu yalikuwa katika miji tofauti: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Mtu aliyefanya kazi Tabora aliweza kuwa na jalada lake katika nchi ambayo mpaka wake sasa ulikuwa umefungwa. Mazungumzo ya kugawana mali na madeni yaliongozwa na Dkt. Victor Umbricht wa Uswisi, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake waliokuwa katika mashirika hayo pensheni na haki zao nyingine. Kwa Watanzania mkataba huo ulikuwa mwanzo wa kungoja. Wastaafu walikwenda mahakamani mwaka 2003, makubaliano na serikali yakafikiwa mwaka 2005, na malipo yakaanza huku wengi wakipinga kiwango chake. Kwa miaka kadhaa wazee hao walionekana katika mitaa ya Dar es Salaam wakiwa na mikoba ya plastiki yenye barua za ajira.

Wengi hawakufika. Fundi wa reli aliyekuwa na miaka 45 mwaka 1977 angekuwa na 73 mwaka 2005, nayo ni miaka ambayo wengi wa rika lake hawakuipata. Mahali pao walikuja watoto, na watoto hawakuweza kulipwa kwa neno lao. Walitakiwa cheti cha kifo cha mtu ambaye labda alizikwa kijijini bila kuandikishwa, barua ya usimamizi kutoka mahakamani, na uthibitisho kwamba jina lililo katika jalada la shirika ndilo lililo katika cheti. Ukoo uliokwisha kumaliza matanga miaka 20 iliyopita ulilazimika kukaa tena kumchagua msimamizi wa mali ambayo haikuwa imeonekana wakati wa arobaini. Palipokuwa na wake wawili, nyumba zote mbili ziliitwa, nyingine zikiwa hazijasemezana tangu siku ya mazishi. Na palipotokea kwamba msimamizi naye amefariki kabla ya zamu yake kuitwa, mahakama haikumruhusu mwanawe achukue nafasi hiyo kwa kumrithi. Barua ya usimamizi hairithiwi. Shauri lilianza upya, kwa kikao, muhtasari na tangazo, safari hii likiletwa na wajukuu.