Tarehe ya Ukoo wa RT, Mabasi ya Ghorofa ya London

Hizi ndizo habari za mabasi ya London na asili yake. Wa kwanza kupakia abiria wa nauli katika omnibasi mjini humo ni George Shillibeer, mwaka 1829, kwa farasi watatu. Mwaka 1910 likaja basi la B, lililofika hadi vitani Ufaransa. Yaliyofuata ni mengi.

Mwaka 1939 likaingia barabarani RT, lenye injini na chesisi za kampuni ya AEC ya Southall. Vita vya Pili vya Dunia vikakatiza utengenezaji wake, nao ukarejea 1947 hadi 1954. Pamoja na nduguze RTL na RTW waliotoka kampuni ya Leyland, ukoo ulikaribia mabasi 7,000. Ndio uliorithi njia za tramu, zilipokoma Julai 1952.

Na Desemba mwaka huohuo ikatokea ajabu. Dereva Albert Gunter alikuwa juu ya daraja la Tower na basi lake la njia ya 78, daraja likaanza kuinuka. Hakushika breki, alikanyaga mafuta, basi likaruka pengo na kutua upande wa pili. Hakufa mtu. Gunter akatunukiwa pauni 10. Hilo lilikuwa RT.

Turudi kwenye nasaba. Baadaye likaja Routemaster, 1956, likaondoka njia zake za kawaida 2005. Wengi hudai hilo ndilo basi la London. Sivyo: kazi ilijifunzwa kwa RT.

Katika karakana ya Aldenham bodi ya RT ilinyanyuliwa kutoka kwenye chesisi, kila kimoja kikatengenezwa peke yake. Basi likatoka na namba yake, lakini limevishwa bodi ya mwenzake. Ndiyo maana picha za wakati ule huonyesha RT la namba ya juu likiwa na bodi kongwe, ile yenye kisanduku cha namba ya njia kilichochomoza juu ya paa kwa mbele. Namba pekee isingekwambia hayo. Aliyesimama kituoni na kamera ndiye aliyeyahifadhi.

RT la mwisho lilifanya kazi Barking, njia ya 62, tarehe 7 Aprili 1979. Basi wewe uliye na picha ya basi la zamani, la London au la mjini kwenu, andika nyuma yake mwaka, njia na namba, kabla anayejua hajaondoka.