Mtani Ndiye Anayeshika Kamba

Fundi wa chenso alivuta kamba ya kuwashia mara tatu. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Huko juu ya mwembe, juu kabisa ya paa la bati, kijana aliyejifunga kamba kiunoni akapiga kelele: "Mtani, hiyo mashine imechoka kama Mzaramo aliyebebeshwa frasila mbili!"

Fundi hakukasirika. Alifungua plagi, akaifuta kwa kitambaa, akajibu bila hata kuinua kichwa: "Nyamaza wewe Mnyamwezi. Ikiwaka hii, utashuka bila ngazi."

Tuliokuwa chini tulicheka. Lakini, ndugu msomaji, lile neno frasila lilinikaa. Nani siku hizi anapima mzigo kwa frasila? Yule kijana hajawahi kuiona mizani yake. Neno hilo amelirithi kwenye utani, na utani wenyewe ameurithi kwenye njia ya misafara iliyopita hapa hapa Tabora.

Tuanze na kazi yenyewe, maana si ya kitoto. Mwembe una kivuli kizuri, ila tawi lake si la kuaminika. Kwa nje ni zima, ndani limeoza, nalo huvunjika bila kuaga. Ndiyo maana matawi madogo hutangulia kukatwa, kisha yale makubwa hufungwa kamba na kuteremshwa kidogo kidogo. Petroli lazima ichanganywe na oili kwa kipimo, vinginevyo injini inakufa. Mnyororo ukilegea, unaruka. Meno yakiwa butu, msumeno unatafuna badala ya kukata, na fundi anakaa kitako na tupa anolee jino moja moja. Na mtu aliye juu, hata awe hodari vipi, uhai wake uko mikononi mwa yule aliye chini anayeshika kamba.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipofika hapa, walikuta kituo cha wafanyabiashara Waarabu kikiitwa Kazeh. Njia kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Merikani, kaniki, shanga na waya vilipanda bara. Watumwa nao walipitishwa humo wakiwa wamefungwa, na hilo tusilifiche. Lakini tusidanganyane kwamba kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa. Waliijua kazi yao, walipatana ujira, na walikuwa tayari kugoma au kutoroka wakionewa. Mwanahistoria Stephen Rockel aliwaandikia kitabu kizima mwaka 2006, akiwaeleza kuwa ni wafanyakazi wenye utamaduni wao.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Mpagazi aliuchukua kichwani au begani, siku baada ya siku, kwenye nchi isiyo yake. Akiugua njiani, mama hayupo, ndugu hayupo. Nani atamtazama? Hapo ndipo utani ulipofanya kazi. Mnyamwezi na Mzaramo walikuwa watani. Mtani alikuwa na haki ya kukutukana ukacheka, na hata kukunyang'anya kitu chako kidogo. Lakini pia alikuwa na wajibu: ukifa, yeye ndiye anayesaidia kukuzika. Kwa hiyo utani ulikuwa mkataba wa wageni wanaolazimika kuaminiana penye hatari, wala haukuandikwa popote.

Kupanda miti nako kuna historia yake. Warina asali wa Unyamwezi walipanda miti mirefu ya miombo karne nyingi kabla ya mashine kuja. Mzinga wao wa zamani ni gome la mti: unakata pete mbili kuzunguka shina, unapasua wima, kisha unalibandua gome zima kama bomba. Mti wenyewe hufa, ndiyo maana siku hizi watu wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao.

Ufundi wa namna hiyo uliwahi kubeba maiti. David Livingstone alikaa hapa Kwihara karibu miezi sita mwaka 1872, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Alipofariki mwaka 1873 kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili, wakabandua gome la mti kwa kipande kimoja, wakamlaza ndani yake. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye shina. Msafara ule ulipita Unyanyembe ukielekea pwani. Mti ulipozeeka ulikatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Jina la mzungu likahifadhiwa. Ya wapagazi wengi yamebaki wapi?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikakosa kazi. Mwaka 1929, huko Ujerumani, Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa petroli, mzito wa kushikwa na watu wawili. Mwaka 1950 ukatoka wa mtu mmoja, kama kilo 16. Ukipiga hesabu, hiyo ni frasila moja! Nilipomwambia fundi, alicheka mpaka akaweka tupa chini. "Basi mwambie huyo Mnyamwezi," akasema, "mimi nabeba nusu mzigo na nalipwa zaidi ya babu yake."

Tangu mwaka 2006 njia hii, pamoja na Kwihara, imo kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Ni jambo jema. Lakini orodha huandika majengo na vituo. Mwembe ukianguka, tunaweza kupanda mwingine. Neno likianguka, nani atalipanda?

Sisi vijana tunaojifunza kuandika tuna tabia moja mbaya: tukitaka historia tunakimbilia maktaba, halafu tunawapita mafundi wakiwa kazini. Nenda kakae chini ya mti wao siku moja. Usiulize maswali mengi. Sikiliza wanavyotaniana, kisha andika kabla hujasahau.

Siku ile mashine iliwaka mara ya sita. Tawi lilikatwa, likaning'inia, likateremka taratibu hadi chini bila kugusa bati. Kijana naye akashuka, jasho likimtoka. Aliyekuwa ameshika kamba ni Mzaramo mwingine, msaidizi wa fundi, viganja vyekundu kwa msuguano.

"Ungeniachia, ungekula matanga yangu bure," kijana akamwambia.

"Ningeanza kuchimba mimi," akajibiwa. "Si ndiyo kazi yangu?"