Shing'weng'we na Bibi Aliyekatwa Sikio

Waingereza wana desturi ya kusimuliana hadithi za mizuka wakati wa Krismasi. Kitabu cha Charles Dickens cha mwaka 1843 kiliieneza sana. Wasukuma wa Shinyanga na Geita walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliwasimulia vijana habari za kutisha.

Iliyojulikana mno ni ile ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha katika makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, aliliua zimwi, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai. Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, katika kitabu chao cha mwaka 1996, walimlinganisha Masala na Kristo. Mhubiri huona raha kuishia hapo.

Lakini hadithi inaendelea. Katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja; akakasirika, akataka kumroga mwokozi wake. Masala hakumwua. Alitafuta dawa, akamponya.

Sehemu hii ndiyo tunayoiona kuwa nzito zaidi. Kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, zaidi ya nusu yao Usukumani, na wengi wao wanawake. Vikongwe walishukiwa kwa macho mekundu, ambayo mara nyingi yalitokana na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Hadithi ya bibi aliyeponywa ilikuwa ya watu hao hao.